Mtoto wa Kuazima

Jumatatu, 1 Septemba

Padre amenikataza matusi. Amesema kila nikitaka kumtukana mtu nimwandike kwanza kwenye daftari, hasira itapoa. Nimenunua daftari nene, na naona halitafika Noeli.

Leo shule zimefunguliwa. Nimembeba Clarisse mgongoni kutoka hapa kwetu Katoyi mpaka shule ya msingi ile iliyo juu ya mawe, ambayo tunaiona tukiwa mlangoni. Mwanangu ana miaka kumi. Miguu yake ililegea kwa homa kabla hajajifunza kusimama, na nyumbani anatembea kwa mikono, kandambili amezivaa viganjani. Lakini kichwa chake ni kizima, kinatushinda mimi na marehemu baba yake tukijumlishwa. Kule Kibumba alisoma la kwanza na la pili kwa sababu shule ilikuwa nyuma ya nyumba yetu. Kisha vita, kisha hema, kisha huku mjini, na miaka miwili imeliwa hivihivi.

Mkurugenzi wa shule anaitwa Laurent, mwanamume wa viatu vyenye ncha. Hakutukaribisha hata ndani. Alituona tungali kwenye ngazi, mimi nikihema, akainua mkono.

"Mama, huyu hapana. Hapa hatuna vifaa."

"Vifaa gani, Direktere? Mutoto iko na macho, iko na mikono, anajua kusoma."

"Na choo? Nani atamubeba ku choo? Walimu wangu si manesi. Tena miaka kumi ku la tatu, iko karibu kupita. Mwaka kesho sitamupokea hata akija anaruka."

"Sasa nifanye je?"

"Uende ku Leta. Leta njo iko na masomo ya watu kama hawa."

Watu kama hawa! Clarisse alikuwa anasikia yote, kidevu chake begani pangu. Nimeshuka naye ngazi moja moja. Laurent ni mbwa. Haya, padre, nimeandika, na hasira haijapoa.

Jumatano, 3 Septemba

Nimekwenda kuitafuta hiyo Leta, yaani serikali. Nimeelekezwa ofisi ya watoto na vilema, chumba kimoja chenye meza mbili. Kwenye meza ya kwanza hakuna mtu. Kwenye ya pili yuko Madamu Julie, anakula karanga na kupanga maganda yake vizuri kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo.

"Kila mutoto iko na haki ya kusoma," akaniambia. "Sheria inasema. Rudia ku masomo, umuambie Direktere sheria inasema."

"Uniandikie basi, Madamu. Mdomo wangu Direktere hauheshimu."

"Mimi siandike. Mukubwa njo anaandika."

"Mukubwa iko wapi?"

Akaacha kutafuna. "Mukubwa gani, mama? Wa zamani ao wa sasa?"

Nikamwambia yeyote mwenye kalamu. Akaniambia wa zamani aliondoka na muhuri, na wa sasa bado hajapata muhuri, nipite baada ya siku kadhaa. Nilitamani kuyapuliza yale maganda yamwingie puani.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimerudi kwa Laurent na sheria mdomoni. Amejibu kwamba sheria haibebi mtu chooni.

Jumatatu, 8 Septemba

Kuna kituo cha vilema upande wa pili wa mji. Nimekodi pikipiki, Clarisse katikati, mimi nyuma. Daktari wa pale ni mpole, na upole wake umenichosha kuliko jeuri ya Laurent. Amemsomesha Clarisse ukurasa mzima, amempa hesabu ya kugawanya, kisha ameniambia kwa tabasamu kwamba kituo ni cha viziwi na wasioona na wanaosubiri kupasuliwa. "Mutoto huyu mahali pake ni ku masomo ya kawaida, mama. Iko na akili sana."

Kwa hiyo shule imenituma kwa Leta, Leta imenituma shuleni, kituo kimenituma shuleni, na shule imefunga mlango. Wananipiga danadana, na mpira wenyewe ni mtoto wangu.

Jumamosi, 13 Septemba

Mvua. Kabichi hazikushuka kutoka Kibumba, barabara mbaya. Sikuuza.

Jumapili, 21 Septemba

Baada ya misa, ukoo wa marehemu mume wangu umekaa kwangu. Nasema kwangu, lakini kiwanja ni chao, na hawachoki kunikumbusha. Aliyeomba kikao ni shemeji yangu Edmond Niyibizi, mdogo wa marehemu, ambaye kwa desturi yetu ndiye baba wa Clarisse sasa.

Edmond anafanya kazi mpakani, kwenye bariyeri ndogo. Anasukuma ile mitambo ya vilema, baiskeli kubwa za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, zinazopakiwa unga na maharage mpaka mwenye baiskeli haonekani. Kilema anakaa juu, Edmond na wenzake wanasukuma nyuma, na wanaolinda njia hawamsumbui sana kilema. Ndiyo biashara yao tangu zamani.

Edmond amesema, tena kwa sauti ya mtu aliyefikiri vizuri: "Mama Clarisse, masomo wamekataa. Hapa nyumbani mutoto anakaa chini kutwa nzima, anahesabu kuku. Ku bariyeri atakuwa mutu. Atakuwa na kazi yake."

"Iko na miaka kumi, Edmond."

"Nitakaa naye mimi mwenyewe."

Wazee wamekata shauri. Clarisse akiwa hajapata nafasi darasani mpaka Noeli, mwezi wa kwanza Edmond anampeleka mpakani. Nimekubali kwa kichwa kwa sababu mdomo ungenifukuzisha kiwanjani. Nimewaona watoto walioanza kazi ile. Hakuna aliyerudi shuleni. Edmond ni tai, anazunguka juu anangoja mtu achoke.

Jumanne, 30 Septemba

Madamu Julie hayupo. Maganda yapo.

Jumatatu, 6 Oktoba

Naandika haraka, ugali uko motoni. Laurent amekuja hapa kwangu! Na miguu yake, na vile viatu, juu ya haya mawe yetu yanayokula soli. Ameketi kwenye kiti cha plastiki, amemsalimia Clarisse kwa jina. Amesema amefikiri, ameomba Mungu, ameona alikosea. Mtoto aje Alhamisi asubuhi, amevaa bluu na nyeupe, awe safi sana.

Nimepiga magoti mbele ya mwanaume yule. Nimemchagulia kabichi kubwa kuliko zote, nyingine nikamfungia kwenye gunia, akabebewa mpaka shuleni. Padre akiuliza, naomba radhi kwa lile neno la mbwa.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimefua sare, nimeipiga pasi mara mbili. Clarisse hakuweza kula.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nataka kuandika kwa utaratibu ili nisichane karatasi.

Jana nilimfikisha Clarisse asubuhi mapema. Laurent mwenyewe alimpokea, akamkalisha benchi la mbele darasa la tatu. Pembeni yake alikuwa Ézéchiel, mtoto asiyeona wa jirani yangu Nyiransabimana. Nilifurahi, nikasema kumbe Mungu amemgusa mtu huyu kweli. Na pembeni ya Ézéchiel alikuwa Jean-Bosco. Jean-Bosco ninayemjua mimi, anayeshona viatu kwenye kona ya Mapendo, mtu mzima mwenye ndevu na mchumba. Ndevu zimenyolewa, kaptula ya bluu imembana mapaja, magongo yake yamelazwa chini ya benchi. Aliponiona aligeuza uso ukutani.

Hapo ndipo nilipopaswa kuelewa. Lakini mtu mwenye furaha ni mjinga. Nilijiambia labda na yeye ameamua kusoma.

Kisha wageni walifika na magari yao meupe, watu wa mradi wa kusaidia shule. Waliona watoto, walipiga picha, waliuliza shule inahitaji nini ili ipokee vilema wengi zaidi. Laurent akajibu kwamba anahitaji njia ya mteremko badala ya ngazi, na vyoo vyenye mlango mpana. Wakaandika. Wakaondoka. Jioni nilimchukua Clarisse, ananisimulia njia nzima kuhusu mwalimu wake, Madamu Ushindi, anayeandika ubaoni kwa mkono wa kushoto.

Leo asubuhi mlinzi amesimama langoni.

"Mama, urudie naye."

"Kuna nini? Ni mwanafunzi wa la tatu."

"Ile ilikuwa ya wageni," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemweleza mwenzake kwamba ibada imekwisha.

Nimemwita Laurent kwa jina lake, bila cheo, mpaka madirisha yakajaa vichwa. Hakutoka. Nimepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na kabichi zangu wamekula. Njiani Clarisse hakulia. Aliniuliza kama wale wageni watarudi. Nikamwambia sijui. Akasema, "Wakirudia, mama, univalishe tena."

Nimekaa nyuma ya jiko nikalia mimi badala yake.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimekwenda Mapendo kumtukana Jean-Bosco. Ameniacha nimalize, huku anapigilia msumari. Kisha akasema, "Mama Clarisse, nilipewa sahani ya wali na nyama. Weye ulipewa nini?" Mimi ndiye niliyetoa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mafundi wameanza shuleni. Nawasikia kutoka hapa wakivunja mawe.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua kila siku. Njia yetu imegeuka mto mweusi. Madamu Julie amenikaribisha vizuri leo, amenipa hata karanga. Mkubwa wa sasa amepata muhuri. Ila hakuna karatasi.

Jumapili, 16 Novemba

Edmond ameleta moja ya zile baiskeli hapa uani, tupu, bila mzigo. Hakuniomba ruhusa. Amemkalisha Clarisse juu, amemfundisha kuzungusha kwa mikono, na mtoto amezunguka ua mzima akicheka mpaka kuku wamepanda ukuta. Mimi nimesimama na mwiko.

Jioni Clarisse ameniambia Edmond alimpitisha mpaka barabarani.

"Watu walinisalimia, mama. Waliniambia *bonjour, présidente*."

"Ni watu wa bure."

"Ku masomo hakuna mutu ananisalimia," akasema.

Nimechukia. Namchukia Edmond kwa kumfurahisha mtoto wangu kabla yangu. Nimechukia zaidi kwa kuwa mtoto hakusema uongo.

Jumatano, 26 Novemba

Mteremko umekwisha. Saruji laini, ukuta mdogo pembeni, rangi ya njano. Vyoo viwili vipya, kimoja na mlango mpana. Nimepita kuvitazama. Mlango mpana una kufuli, na ufunguo unaning'inia kiunoni mwa Laurent. Mlinzi ameniambia ndicho anachotumia Mkurugenzi mwenyewe.

Jumatano, 3 Desemba

Amekuja tena! Viatu vilevile, kiti kilekile cha plastiki. Wageni wanakuja Ijumaa kufungua majengo. Mtoto aje, awe safi sana. Safari hii ameleta biskuti.

Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini aliyepona mpaka sasa ni Laurent peke yake. Nilikuwa na maji ya moto jikoni na niliyafikiria. Nikamwambia tu, "Ndiyo, Direktere. Atakuja." Amenishukuru kwa moyo wangu mwema.

Alipoondoka nimekwenda kwa Nyiransabimana. Na yeye ametembelewa, na yeye amepewa biskuti. Alitaka kukataa. Nikamwambia usikatae. Kwetu mtu akiazima sufuria, nani anairudisha? Si yeye aliyeazima? Umewahi kuona mwenye sufuria anaifuata kwa jirani? Hata akilala njaa, anangoja, kwa sababu kuifuata ni aibu. Basi tumpe watoto, na tusiwafuate.

Nyiransabimana akashika mdomo. "Mama Clarisse, weye ni mubaya."

"Tangu zamani," nikamwambia.

Jumamosi, 6 Desemba

Jana sikuandika. Naandika asubuhi hii, kabichi zitangoja.

Niliwafikisha watoto wote wawili, Clarisse mgongoni, Ézéchiel mkononi. Safari hii nilipita kwenye mteremko. Nilipomweka Clarisse kwenye benchi nilimnong'oneza: "Leo sitakuja kukuchukua. Usiogope. Usome kama wengine, na ukitaka choo umwambie mwalimu." Nilifikiri atalia. Akaniuliza tu kama amebeba kalamu za kutosha.

Nikarudi nyumbani nikakaa.

Kabla ya mchana Jean-Bosco akafika na magongo yake, kaptula ya bluu mwilini, sahani yake tumboni. Alisimulia yote akiwa mlangoni. Muziki ulipigwa, utepe ukakatwa. Kisha mgeni mmoja, mama mtu mzima, akainama mbele ya Clarisse, akamuuliza jina. Clarisse akajibu kwa sauti, majina yote: Umugwaneza Clarisse. Yule mama akalirudia kwenye kipaza sauti, la Ézéchiel pia. Akasema mradi utarudi mwisho wa muhula kuona alama zao za mitihani. Jean-Bosco akasema Laurent alipiga makofi, lakini kwa uvivu kidogo.

"Na weye hawakukuuliza?" nikamwambia.

"Nilijificha ku choo kipya. Mimi niko na mitihani gani, mama? Nina viatu vya watu."

Shule ikatoka. Kutoka mlangoni niliwaona watoto wa bluu na nyeupe wakishuka kila upande kama maharage yaliyomwagika. Wangu hakushuka. Nyiransabimana alikuwa amekaa nami kwenye mkeka. Mawingu yakaja kutoka upande wa volkano, yakatanda, mvua ikaanza, kwanza taratibu, halafu kwa fujo. Nyiransabimana akasimama.

"Ézéchiel anaogopa radi," akasema. "Haoni inatoka wapi."

"Ukienda tumeshindwa."

"Basi nimeshindwa." Akajifunika kitenge kichwani, akaenda. Nilimwita mwoga na mengine ambayo padre asiyasome. Sasa hivi nayafuta moyoni, maana mtoto asiyeona radi si mchezo, lakini jana niliyasema na alisikia.

Nikabaki peke yangu na mvua. Naomba niseme ukweli: kila kitu nilichokuwa nimekipanga kilinitoka. Nilimwona mwanangu amewekwa nje kwenye ule mteremko wa njano, maji yanapita juu yake. Nilimwona amejikojolea, watoto wanamcheka. Nikachukua kitambaa cha kumbebea. Nikafika mlangoni, na mlangoni alikuwa amekaa Edmond, amelowa, ametoka mpakani mapema. Jean-Bosco alikuwa amemweleza.

"Unaenda wapi, Mama Clarisse?"

"Niondokee."

"Nakuuliza unaenda wapi."

"Kumuchukua mutoto! Ameketi kule tangu asubuhi, ni mutoto wa ndugu yako, huna hata huruma? Si ungependa ashindwe, umupakie unga juu?"

Hakuondoka. Alipanga miguu yake ikaziba mlango wote. "Ukienda leo, mwezi wa kwanza namupeleka bariyeri, nakuapia ku kaburi ya yaya yangu, baba ya Clarisse. Kaa chini. Mimi pia nimechoka kuona watu wanamubeba wakati wanamutaka, wanamurudisha wakati hawamutaki. Ku bariyeri ni vile vile, unafikiri sijui? Kaa."

Nilimpiga kwa kile kitambaa. Nilimpiga mgongoni na kichwani, naye akajikunja tu, hakusogea. Kisha nikakaa. Tulikaa hivyo, yeye amenipa mgongo, mimi nalia kwa sauti bila haya.

Laurent akaja akiwa na mwavuli. Peke yake. Vile viatu vilikuwa vimejaa matope. Edmond alimpisha aone ndani lakini hakumpisha aingie.

"Mama, saa ya kutoka imepita zamani. Njoo uchukue mutoto wako."

"Mutoto gani, Direktere? Si mwanafunzi wako? Nimesikia ilisemwa ku mikro."

"Usinichezee. Ile ilikuwa…"

"Ilikuwa nini? Umalizie."

Majirani walikuwa wameshatoka kwenye vibaraza vyao, na mvua kwa bahati ilikuwa imepungua, kila mtu anasikia. Laurent akasema ataita watu wa usalama. Edmond akasema waite, na uite wale wageni pia, nambari yao iko ukutani pa choo. Laurent akasema shule si kituo cha watoto yatima. Akasema nimemdanganya.

"Mimi?" nikamwambia. "Kwetu mutu akiazima kitu anakirudisha mwenyewe, na anasema asante. Uliazima mara mbili. Mara ya kwanza nilikufuatia mimi, kwa ujinga. Leo hapana."

Akageuka akaenda. Nilitaka kumkimbilia. Edmond alinishika mkono, na nilimwacha anishike.

Kulikuwa bado na mwanga kidogo tuliposikia pikipiki. Dereva mbele, Clarisse katikati, Laurent nyuma amemkumbatia mtoto kwa mkono mmoja na kwa mwingine ameshika mwavuli juu yake, mwenyewe amelowa mpaka kwenye mfupa. Akamshusha, hakujua amshike wapi, Edmond akampokea. Laurent hakunitazama.

"Jumatatu," akasema. "Saa moja na nusu. Asichelewe."

Clarisse alikuwa mkavu. Alikuwa na njaa na alikuwa na chaki kwenye nywele. Alisimulia huku anakula: wageni walipoondoka, Madamu Ushindi hakuwa na neno, aliendelea na sehemu, nusu na robo. Alipotaka choo alimwambia mwalimu, na mwalimu akasimama mlangoni akapaza sauti ufunguo uletwe, ukaletwa, na wasichana wawili wakambeba. Choo kinanuka saruji mpya. Baada ya masomo Laurent alimwambia atoke.

"Weye ukasema nini?"

"Nikamuuliza, nitatoka na nini, Direktere?"

Edmond alicheka mpaka akakohoa. Mimi bado sijacheka.

Jumatatu, 8 Desemba

Saa moja na nusu. Mlinzi amefungua. Laurent yuko kwenye mteremko, ameangalia ukuta. Sikumsalimia, naye hakunisalimia. Amani ya namna hii inanitosha.

Jumatano, 10 Desemba

Madamu Ushindi amenilalamikia: darasa limejaa, mabenchi hayatoshi, Clarisse anachukua nafasi ya watoto wawili na anaongea sana. Nimemwambia hapo hajanidanganya.

Edmond amempeleka leo asubuhi kwa ile baiskeli kabla ya kwenda kazini. Sitamwita tai tena, ingawa sijamwambia.

Jumapili, 14 Desemba

Kesho mitihani. Mvua. Nimemwomba Nyiransabimana radhi. Ézéchiel pia ameanza, Madamu Ushindi anamsomea kwa sauti. Nyiransabimana amekubali radhi yangu lakini hakunipa chai.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimeitwa shuleni. Mlinzi alileta ujumbe: mzazi wa Umugwaneza Clarisse aje mara moja kwa Mkurugenzi. Niliacha kabichi chini bila mwangalizi. Njia yote nilijisemea, ndiyo hii, wamepata sababu, wageni wamepiga simu hawarudi, wananirudishia mtoto.

Nje ya ofisi kulikuwa na benchi na wazazi watatu wamekaa vichwa chini. Nikakaa nao. Mmoja akaniuliza, "Wako alifanya nini?" Nikasema sijui. Akasema, "Wangu alivunja dirisha." Akasogea kidogo nipate nafasi.

Laurent alituita wote kwa pamoja, ili aibu itutoshe. Alianza na mimi. Alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imetoka.

"Mama, mutoto wako anauza majibu! Wakati wa mitihani ya hesabu! Amewauzia benchi nzima kwa mandazi. Madamu Ushindi amemukuta na mandazi mufukoni, mandazi ku mapaja, mandazi ku mukoba! Hiyo ni malezi gani? Hapa ni masomo, si soko ya mashu, ya kabichi zako!"

Wazazi wengine walinitazama kwa huruma. Mama wa dirisha alinipapasa goti.

"Atapata sifuri ya mwenendo," akaendelea, akaja kwenye adhabu. "Na kazabu iko. Muhula wa pili, siku ya kwanza, wenzake wakienda kucheza yeye anabaki ku kalasi, anaandika ukurasa mzima: sitauza tena majibu. Juma nzima!"

Nikamwomba arudie.

"Nirudie nini?"

"Ile siku, Direktere. Siku ya kuanza kazabu."

Alifikiri namdhihaki. Uso ulimjaa damu, akapiga meza, akapaza sauti mpaka walinyamaza hata waliokuwa uani.

"Tarehe tano! Mwezi wa kwanza! Tarehe tano, ku kalasi ya tatu, benchi ya mbele, na asithubutu kukosa!"

Nikamwambia nimesikia, hatakosa. Nikamshukuru. Nilitoka nikashuka mteremko nikiwa nimejiziba mdomo kwa kitenge, na wazazi wa benchi walidhani nalia kwa aibu.